Kadi ya Bidzina

Nilimkuta Bidzina kituo cha mabasi, Kutaisi,
ameipakata kadi ya michoro ndani ya taulo la jikoni
kama mtu aliyeokota paka.
Lari mia sita, akasema. Nikasema mia nne.
Akasema: imechimba sarafu za mtandaoni miaka miwili
katika zizi la baba yangu kule Mestia,
usiku na mchana, haikukohoa hata mara moja.
Nikasema: ndiyo maana nasema mia nne.
Tukapatana mia nne na themanini
na chupa moja ya divai.

Nyumbani nikaifungua, skrubu baada ya skrubu.
Vumbi lilikuwa limejishona kwenye mapezi ya alumini,
na vumbi lile, naapa, lilinuka majani makavu na ng'ombe.
Nikalipangusa kwa brashi ya rangi,
nikapaka dawa mpya ya joto, tone kama punje ya dengu,
nikaichomeka hadi ubao ukaalika.

Kompyuta hii nimeiunda mwenyewe.
Sanduku lake lilitupwa na ofisi ya posta.
Kumbukumbu nilinunua moja moja, harusi kwa harusi.
Feni ya nyuma imefungwa kwa kamba ya kiatu.
Ubavu hauna mfuniko: ukikaa karibu
unaona taa ndogo ya kijani, na soksi zangu zinakauka.

Kabla ya kadi hii video zilikuwa na kigugumizi.
Bibi harusi alikata keki kama aliyeshikwa na kwikwi,
wacheza ngoma waliruka juu wakasahau kushuka.
Saa nne usiku nilibonyeza kitufe, nikalala;
alfajiri, asilimia sitini na moja.
Lamzira wa ghorofa ya juu akachomeka pasi,
giza,
nikaanza sifuri.
Wateja wakipiga simu nilikuwa na jibu: bado inapika.
Jibu tamu lile. Halina mkosaji.

Harusi ya Khatuna niliipiga Septemba,
kamera tatu, saa tisa za picha.
Otia, baba yake mkubwa, ndiye alikuwa tamada,
mwenye meza: asiponena yeye, hakuna glasi inayonyanyuka.
Februari Otia akafa.
Video bado ilikuwa inapika.

Jana usiku nikaifungua tena.
Fremu hamsini kila sekunde, laini kama mafuta,
rangi nazibadilisha na picha haisimami kunisubiri.
Otia akainuka kuwataja waliotangulia.
Ana kipande cha mkate kwenye kisahani,
anataka kuwamwagia wafu divai yao kidogo.
Na mkono unatetemeka.

Miezi yote ile niliuona mtetemo huo
nikadhani ni kompyuta.
Nililaani kadi ya zamani, nikalaani umeme,
nikapunguza ukubwa wa picha mara mbili.
Kumbe ulikuwa wake.
Divai inaukosa mkate, inaangukia kitambaa cheupe.
Anakifunika kidoa kwa kiganja, upesi,
anatazama kushoto, anatazama kulia nani kaona,
kisha anaitazama kamera. Ananitazama mimi.
Mimi, siku ile, nilikuwa nacheki betri.

Khatuna anataka dakika tatu za hotuba yake.
Ziko kumi na saba.
Nimeweka mkasi kabla ya mkate, nikautoa.
Nimeuweka baada ya kiganja, nikautoa.
Filamu nzima kadi hii itaitema kwa dakika kumi na moja,
nimeijaribu;
hata Lamzira hatawahi kumaliza shati moja.

Lakini haina kazi sasa. Nyuzi thelathini na nane.
Feni zake zimesimama, kadi iliyolea zizi zima
imepoa kama kijiko kwenye droo,
inanisubiri.

Simu. Khatuna.
Bado inapika? anauliza.
Naangalia mapanga ya feni, naweza kuyahesabu.
Bado, namwambia. Bado inapika.